Sukari ipo, hamu ya kula haipo: vitamini B1 katika mwili wa mgonjwa wa kisukari

Mzee mwenye kisukari anapoanza kurudisha sahani ikiwa haijaguswa, watu wa nyumbani mara nyingi hushusha pumzi. Miaka yote wamekuwa wakimwomba apunguze wali na ugali, na sasa anapunguza mwenyewe bila kugombana na mtu. Kauli yenyewe nimeisikia hapa Moshi majumbani na kwenye mabenchi ya kliniki: "Afadhali, sukari itashuka." Faraja hiyo inaweza kugharimu maisha. Mgonjwa wa kisukari ambaye hamu ya kula imemkatika ghafla hajapata nafuu. Kuna kitu mwilini mwake kimekwama, na kati ya vitu vinavyoweza kukwama, kimoja kinachosahaulika sana ni vitamini B1, ambayo wataalamu huiita thiamini.

Njaa ndiyo inayowachanganya watu, kwa hiyo nianze nayo. Kisukari kisichodhibitiwa huleta njaa kali. Glukosi imejaa kwenye damu lakini haiingii kwenye seli inavyotakiwa, kwa kuwa insulini ni chache au haisikilizwi. Seli zinalia njaa, ubongo unapata taarifa, mtu anakula sana na bado anakonda. Hiyo ndiyo njaa inayofahamika, ile inayokuja pamoja na kiu na kuamka usiku kwenda chooni. Upungufu wa B1 huleta hali tofauti kabisa. Hapa glukosi inaweza kuingia kwenye seli bila shida, ila ikishaingia haichomwi ipasavyo. Seli zina njaa vilevile, lakini mwenye mwili hajisikii kula. Chakula kinamkinai, anapata kichefuchefu, tumbo linajaa kwa matonge mawili.

Mtu mmoja anaweza kuwa na matatizo yote mawili kwa wakati mmoja. Ndipo mambo yanapotatanisha, kwa sababu dalili moja inaifunika nyingine.

Glukosi ikiingia kwenye seli hukatwa vipande viwili vinavyoitwa pairuveti. Hatua hiyo hutoa nishati kidogo tu. Nishati nyingi hupatikana pairuveti inapoingia kwenye mitokondria, sehemu ya seli ambako chakula huchomwa kwa oksijeni. Kimeng'enya kinachoishughulikia pale mlangoni hakifanyi kazi bila thiamini. Ndani ya mitokondria kuna kimeng'enya kingine kinachoihitaji pia, na nje yake kipo cha tatu, ambacho huchukua sehemu ya glukosi na kuipeleka kwenye kazi nyingine za ujenzi wa seli. B1 ikipungua, pairuveti hurundikana na seli huigeuza kuwa asidi ya laktiki. Ni kama jiko la mkaa lililozibwa tundu la chini: mkaa umejaa, moto haushiki, nyumba inajaa moshi, na ukiongeza mkaa unaongeza moshi.

Kwa hiyo mahitaji ya B1 hupanda kadiri mtu anavyokula wanga na sukari kwa wingi. Anayeishi kwa ugali mweupe, wali mweupe, chai ya sukari na soda anaihitaji zaidi, na ndiye anayeipata kidogo. Kiasi chenyewe si kikubwa: mwanamume mtu mzima anahitaji takriban miligramu 1.2 kwa siku, mwanamke 1.1, na mjamzito au anayenyonyesha 1.4. Tatizo ni akiba. Vitamini B12 ini huitunza kwa miaka, lakini B1 iliyopo mwilini mwote ni takriban miligramu 25 hadi 30, na bila kuongezwa huisha ndani ya wiki mbili au tatu. Ugonjwa wa wiki chache wenye kutapika unatosha kuimaliza.

Ukishuka kutoka mjini kwenda Mabogini na Chekereni utakutana na mashamba ya mpunga ya skimu ya Lower Moshi, iliyojengwa kwa msaada wa Japani katika miaka ya 1980. Miaka 100 kabla ya hapo, Japani yenyewe ilikuwa ikizika mabaharia wake kwa sababu ya mchele mweupe. Manowari Ryujo ilisafiri mwaka 1882 na 1883 ikiwa na watu 376. Kati yao 169 waliugua beriberi, yaani ugonjwa wa kukosa B1, na 25 wakafa. Daktari wa jeshi la majini, Takaki Kanehiro, alishawishi wakubwa wake waitume meli nyingine, Tsukuba, ipite njia ileile mwaka 1884, ila mabaharia wapewe nyama, maziwa, mkate na maharage zaidi. Safari hiyo hakufa mtu kwa beriberi. Takaki aliamini kilichokosekana ni protini. Alikosea sababu, lakini dawa aliipata jikoni.

Sababu yenyewe ilianza kuonekana Java, kisiwa cha Indonesia, kwa kuku. Christiaan Eijkman, daktari Mholanzi, aliona katika miaka ya 1890 kwamba kuku waliolishwa mchele mweupe waliopoteza nguvu za miguu walipona waliporudishiwa pumba. Yeye alidhani mchele una sumu ambayo pumba huiua. Mwenzake Gerrit Grijns ndiye aliyesema, mwaka 1901, kwamba hakuna sumu yoyote: kuna kitu kwenye pumba ambacho mwili hauwezi kuishi bila nacho. Mwaka 1926 kitu hicho, ambacho ndicho B1, kilipatikana kikiwa safi, katika punje ndogondogo kama chumvi. Eijkman alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1929.

Msomaji anaweza kusema haya ni ya kale na ya mbali. Mwaka 2004, katika kisiwa cha Mayotte kwenye visiwa vya Komoro, ambako watu hula wali mweupe kwa wingi, watoto wachanga zaidi ya 30 waliugua beriberi na wengi wao wakafariki. Mama alipokuwa na upungufu, maziwa yake nayo yalikuwa nao.

Sasa hamu ya kula. Kwa nini mwili uliokosa nishati ukatae chakula, wakati akili ya kawaida inasema ungekitafuta? Sehemu ya ubongo inayopima njaa huitwa haipothalamasi. Seli zake hutumia glukosi kwa wingi sana, na husoma kiwango cha nishati ili ziamue kama mtu ale au aache. Majaribio ya panya yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kuwa B1 ikikosekana, kipimo cha nishati ndani ya seli hizo hudanganyika: kinatoa ishara kana kwamba chakula kimetosha. Panya wakaacha kula. Walipopewa thiamini, hamu ikarudi. Rudolph Peters wa Oxford alikuwa ameshaonyesha katika miaka ya 1930 kwamba ubongo wa njiwa waliokosa B1 umejaa pairuveti isiyochomwa, na ukitiwa thiamini kidogo ndani ya chupa ya maabara unaanza tena kutumia oksijeni.

Hili naliona ndilo jambo zito kuliko yote katika mada hii, kwa sababu upungufu unajilisha wenyewe. B1 inapungua, hamu inakatika. Hamu ikikatika mtu anabaki na vile vinavyopita kooni kwa urahisi: chai ya sukari, uji mweupe, soda, juisi ya pakiti. Vyote ni wanga usio na B1 ya maana. Mzigo wa glukosi unapanda, akiba inazidi kushuka, na ndugu wanasema Mungu ni mwema, angalau anakunywa.

Upande wa sukari ya damu unahitaji uangalifu zaidi, maana hapo ndipo wauzaji wa virutubisho wanapopatia mwanya. Je, upungufu wa B1 hupandisha sukari? Kongosho, kiungo kinachotengeneza insulini, huhitaji thiamini kama viungo vingine, na wanyama wa majaribio wakiikosa hutoa insulini kidogo. Kwa binadamu ushahidi ulio wazi zaidi unatoka kwa watoto wenye ugonjwa adimu sana wa kurithi, ulioelezwa mara ya kwanza mwaka 1969. Jeni lao la kuingizia thiamini kwenye seli, SLC19A2, lina kasoro. Watoto hao hupata upungufu wa damu, uziwi na kisukari, na wakipewa thiamini kwa dozi kubwa, damu hupanda na mahitaji ya insulini hupungua, wengine wakaishi bila insulini kwa miaka.

Kutoka hapo mtu anaweza kuruka na kusema: basi B1 inatibu kisukari. Haitibu. Kisukari cha watu wengi wa Kilimanjaro na Arusha, kile cha aina ya pili, kina mizizi mingine: uzito, mafuta ya tumboni, kukaa sana, urithi, umri. Wagonjwa wa kawaida wa kisukari walipopewa thiamini katika majaribio, sukari yao haikushuka kwa namna ya kutegemewa. Mtu akikuuzia chupa stendi akakuambia uache metformini au insulini, anakuuzia hatari.

Uhusiano ulio imara zaidi unakwenda upande wa pili: kisukari ndicho kinachomaliza B1. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza, walipima wagonjwa wa kisukari wakakuta thiamini kwenye majimaji ya damu yao iko chini kwa takriban robo tatu ukilinganisha na watu wasio na ugonjwa. Figo zao zilikuwa zikiimwaga kwenye mkojo kwa kasi kubwa. Kipimo cha kawaida kinachotazama ndani ya chembe nyekundu hakikuona kasoro, ndiyo sababu upungufu huo ulikuwa umejificha. Kwa hiyo mgonjwa anayekojoa mara kwa mara kwa sababu sukari iko juu anapoteza B1 kila anapokwenda chooni. Ukiongeza vidonge vya kupunguza maji mwilini kama furosemaidi, ambavyo wazee wengi wenye moyo mpanuko hupewa, upotevu unaongezeka.

Sasa turudi kwa Mzee anayekataa kula. Mgonjwa wa kisukari mwenye sukari ya juu anayekataa chakula, anayetapika, anayelalamikia tumbo na kupumua kwa kasi na kwa kina apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Huenda damu yake imejaa asidi ya ketoni kwa kukosa insulini. Ukosefu mkali wa B1 unaweza kuleta picha inayofanana, kwa asidi ya laktiki. Nyumbani huwezi kuzitofautisha, na huna haja ya kujaribu. Hatari ya pili ni kinyume chake: anayechoma insulini au kumeza vidonge vya kushusha sukari kama glibenklamidi kisha asile, sukari inaweza kushuka ghafla hadi akapoteza fahamu. Kwa vyovyote vile, kutokula kwake hakuna nafuu ndani yake. Mpime sukari, umpeleke.

Huko hospitali kuna jambo moja ambalo ndugu wa mgonjwa wanapaswa kulijua. Dripu ya glukosi ni ya kawaida sana, na watu wetu huiamini: mgonjwa akitundikiwa maji, roho zinatulia. Kwa mtu aliyekaa muda mrefu bila kula, au mlevi wa kupindukia, au mjamzito aliyetapika kwa wiki kadhaa, glukosi ikimiminwa bila thiamini inaweza kumaliza akiba ndogo iliyobaki. Matokeo yake ni ugonjwa wa ubongo uitwao Wernicke: macho yanachezacheza au hayageuki, mwendo unayumba, akili inachanganyikiwa. Usipowahiwa, kumbukumbu huweza kupotea moja kwa moja. Utaratibu unaofundishwa kwa madaktari ni kutoa thiamini kwa sindano kabla ya glukosi au pamoja nayo, lakini mgonjwa ambaye sukari imeshuka vibaya hacheleweshwi glukosi hata dakika. Hamumfundishi daktari kazi mkimwambia, "Daktari, huyu hajala kwa wiki tatu, na alikuwa mnywaji." Mnampa taarifa ambayo mgonjwa mwenyewe hawezi kuitoa. Ndugu wengi huficha habari ya pombe kwa aibu, na aibu hiyo inamnyima mgonjwa sindano ya bei ndogo.

Kuhusu pombe, mkoa wa Kilimanjaro unajijua. Mbege ina ulezi, na hunyweka pamoja na machicha yake, kwa hiyo kata moja ya jioni kwenye ngoma siilaumu. Tatizo ni unywaji wa kutwa, hasa wa gongo na pombe kali za chupa ndogo. Kileo huzuia utumbo usinyonye thiamini, huvuruga namna ini linavyoitunza, na zaidi ya yote humfanya mnywaji ashibe bila kula. Kijana anayeamkia glasi na kulalia glasi anaweza kuwa na upungufu wa B1 bila kuwa na kisukari kabisa, na miguu ikaanza kufa ganzi.

Hiyo miguu nayo inahitaji maelezo, kwa sababu kila ganzi hapa kwetu huitwa "sukari". Sukari ya juu kwa miaka huharibu mishipa ya fahamu, kweli. Lakini metformini ikitumiwa muda mrefu hupunguza vitamini B12, na upungufu wa B12 huleta ganzi na kuwaka moto kwenye nyayo vilevile. B1 nayo ikikosekana hufanya hivyo, wakati mwingine pamoja na misuli ya miguu kulegea. Mambo haya matatu yanaweza kuishi kwenye miguu ya mtu mmoja. Anayetumia metformini kwa miaka mingi na ana ganzi aombe apimwe B12. Kwa B1, kipimo hakipatikani kirahisi, hivyo daktari akishuku huanza kutoa thiamini na kuangalia, kwa kuwa ni dawa salama na mtu mwenye upungufu hubadilika upesi.

Jikoni. Mahindi yakisagwa yote, dona, hubaki na sehemu kubwa ya B1 yake. Yakikobolewa yakawa sembe, kiini na ganda vinaondoka, na sehemu kubwa ya vitamini inaondoka navyo. Mchele mzima una takriban miligramu 0.4 za B1 katika gramu 100, na mweupe usiorutubishwa una chini ya 0.1. Pumba hizo tunawalisha nguruwe, na nguruwe huihifadhi thiamini katika misuli kuliko ng'ombe au mbuzi, ndiyo maana kitimoto ni miongoni mwa nyama zenye B1 nyingi. Tunaitoa kwenye unga wetu, kisha tunainunua kwa kilo. Asiyekula nguruwe hapungukiwi kitu: maharage, kunde, choroko, njegere, karanga, mbegu za alizeti na ulezi vinayo ya kutosha. Ndizi zetu zina B1 kidogo tu, kwa hiyo mtori au machalari ya nyama ya ng'ombe peke yake haitoshi. Ndizi na maharage ni chakula kingine kabisa.

Lakini hapo kuna magadi. Akina mama wengi wa Moshi na Arusha hutia magadi kwenye maharage, makande na kiburu ili viive upesi na kulainika, na kuni au gesi ilivyo ghali, nawaelewa. Thiamini haistahimili magadi. Ikichemshwa kwenye maji yenye magadi huharibika kwa wingi, na maharage yale yanabaki na protini na wanga bila ile vitamini. Kuloweka maharage tangu jioni hupunguza muda wa kupika bila madhara hayo. Supu yake isimwagwe, maana B1 huyeyuka kwenye maji. Mchele nao usioshwe mara nne hadi maji yawe meupe kabisa. Chai nzito ya majani hupunguza thiamini inayonyonywa, kwa hiyo ni vizuri ikae mbali kidogo na mlo.

Kwa mgonjwa wa kisukari, dona na maharage vina faida mbili: B1 inabaki, na sukari hupanda polepole kuliko kwa sembe kwa kuwa kuna nyuzinyuzi. Kiasi bado kinahesabika, dona si ruhusa ya kujaza sahani. Vidonge vya B1 ni kwa wale walio kwenye hatari: anayetumia furosemaidi, mnywaji anayeacha pombe, mjamzito anayetapika mfululizo, aliyekonda kwa kutokula. Hao waongee na daktari au mfamasia. Utumbo una kikomo cha kiasi unachonyonya kwa mara moja, na inayozidi hutoka kwenye mkojo, kwa hiyo chupa ya bei kubwa yenye namba kubwa haimzidi sana mwenye kidonge cha kawaida cha duka la dawa. Aliyeishiwa kabisa na anayetapika anahitaji sindano.